Shabaha ya Mezani Haiingii Kichakani

Juzi kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Tabora mjini, jamaa mmoja (simtaji, anajijua, na kahawa alilipa yeye) alizungusha simu mkono kwa mkono ili tuone picha. Karatasi ya shabaha, matundu matatu yamegusana, sarafu ya shilingi mia mbili inayafunika yote. Mita 100. Watu wakashangilia utadhani kaleta mnofu. "Julai ifike tu," akasema, akijipapasa bega.

Nikamwuliza alipiga akiwa amekaaje. Mezani, bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Na kabla ya kupiga alikuwa ametembea umbali gani? Akanitazama kama niliyemwuliza kabila la bunduki. "Si nilitoka tu kwenye gari, mzee."

Huyu kijana kapata nafasi ya kujifunza uwindaji bingwa, yaani kazi ya kuongoza wageni wanaolipia kuwinda, kwenye kitalu kimoja cha uwindaji upande wa Sikonge. Atakuwa mbele ya wageni, atakuwa na .375, bunduki kubwa ya wanyama wakubwa, mkononi, na kuna asubuhi ataambiwa fuata dume la nyati. Na maandalizi yake ni meza.

Msinielewe vibaya, meza ina kazi yake. Darubini ya bunduki lazima ipangwe, na haipangwi na mtu anayehema. Bunduki iliyosafiri kwenye ndege, au iliyopigwapigwa nyuma ya Land Cruiser kwenye barabara zetu hizi, usiiamini mpaka uijaribu ukiwa umetulia. Hilo nalikubali na sitalirudia. Ila meza inakwambia habari za bunduki. Za kwako wewe haisemi kitu.

Kazi yangu miaka yote ilikuwa kusoma nyayo. Siku hizi nauza asali na kubishana na vijana. Kwa hiyo naandika kama mtu aliyetembea mbele, mgongo wangu ukiwa umewaelekea watu wenye bunduki, na ukitembea hivyo unajifunza kusikiliza pumzi za aliye nyuma yako. Unazisikia saa tatu asubuhi zikiwa bado nzuri. Saa tano zimeanza kupiga mluzi. Saa saba mchana, pale nyayo zinapokuwa mbichi na kinyesi bado kina joto, ndipo nyati wanapoonekana wamelala kivulini, na ndipo huyo aliyechoka anapotakiwa kupiga risasi ya maisha yake. Hakuna anayekuita kwa nyati saa kumi na mbili alfajiri ukiwa umenywa chai.

Mwili unafanya nini wakati huo? Moyo unadunda hadi mtutu unacheza. Kifua kinapanda na kushuka, na alama ya darubini inapanda na kushuka nacho, kutoka mgongoni mwa mnyama hadi kwenye nyasi. Mtu akiona hivyo anafanya kosa la pili: anabana pumzi kwa nguvu. Sekunde chache ni sawa, lakini akichelewa macho yanaanza ukungu na mikono inatetemeka zaidi, na hapo anavuta kifyatulio kwa pupa ili mambo yaishe. Moyo wa nyati uko chini, karibu na miguu ya mbele, theluthi ya chini ya kifua. Ukiyumba kidogo kwenda nyuma umepiga tumbo.

Na tumbo, ndugu zangu, ndilo lililonifanya nifungue kompyuta ya mwanangu na kuandika haya.

Mgeni akipiga nyati tumboni, kisheria mnyama huyo ni wake. Kajeruhiwa, kahesabiwa, na lazima afuatwe. Vizuri sana. Anafuatwa na nani? Anayesoma damu kwenye majani ndiye anayetangulia, maana bila yeye hakuna anayejua nyati kaelekea wapi. Mara nyingi huyo hana bunduki. Ana panga, au fimbo, au mikono mitupu. Macho yake yako chini, kwenye tone la damu la ukubwa wa punje ya mtama, na dume la kilo 600 au 700 limejibanza mahali fulani kwenye kichaka, limetulia, linamsubiri. Nyati aliyejeruhiwa hana haraka. Nyuma ya msoma nyayo yuko mwindaji bingwa, na nyuma yake mgeni, ambaye kwa wakati huo anaombwa kwa adabu zote asielekeze mtutu migongoni mwa watu.

Halafu jioni kambini nani anasimulia? Mgeni. "Ilikuwa hatari sana." Ilikuwa hatari kwa nani, bwana mkubwa?

Ndiyo maana mtu akiniambia mazoezi ya mwili ni hiari, kwamba yeye ana shabaha tu inatosha, damu inanichemka. Kitambi chako si siri yako ukishaingia porini na watu wengine. Kinabebwa na wenzako. Na kwa mwanafunzi wa uwindaji bingwa ni vibaya zaidi, kwa sababu mgeni akikosa, wewe ndiye uliyewekwa pale kurekebisha. Utarekebisha nini kama na wewe unahema?

Sasa wale wa upande wa pili wasianze kucheka. Nimeona na wakimbiaji. Mtu kaja na kifua cha farasi, kakimbia mbio ndefu za miji mikubwa huko kwao, anatupita sote njiani. Tunafika kwa nyati, yeye hata jasho hana, fimbo tatu zinasimikwa mbele yake, anaegemeza bunduki, na hajui ashike wapi. Mkono wa kushoto unatafuta, kitako cha bunduki kiko kwenye mfupa wa bega badala ya pale panapostahili, na kwa kuwa teke la .375 alilipata kwenye mazoezi siku moja tu likamtia hofu, anafumba macho kabla ya mlipuko. Mapafu yake hayakumsaidia chochote. Na nimeona mzee mmoja mgeni, mnene hasa, aliyekuwa akiinua mkono kila baada ya mwendo fulani na kusema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Pole pole, subiri." Tulimnung'unikia chini chini. Lakini hakupiga hata mara moja kabla pumzi haijatulia, na hatukuwahi kumfuatia damu kichakani. Inaniuma kumsifu, maana alituchelewesha sana, na nyati wengi walituacha. Basi, alijua mwili wake unaweza nini.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba hayo si mazoezi mawili. Watu wanagawa wiki: Jumatatu kukimbia, Jumamosi kulenga. Mnyama hagawi. Miezi miwili ya mwanzo nakubali uyatenganishe, kwa sababu mtu anayejifunza kuvuta kifyatulio akiwa amechoka anajifunza kukivuta vibaya. Aprili na Mei, jenga miguu siku zake, jenga mkono siku zake. Ila kuanzia mwishoni mwa Mei, kila zoezi la shabaha lianze na mwendo. Panda na kushuka ngazi za jukwaa pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi huku umebeba mzigo, halafu papo hapo nenda nyumbani, simika fimbo zako uani, lenga. Bila risasi.

Naam, bila risasi. Najua mnataka kuniuliza zitatoka wapi, risasi moja ya .375 ikiwa na bei ile, na huwezi kujipigia tu shambani kwa jirani kana kwamba ni fataki za Mwaka Mpya. Silaha ina kibali chake na mazoezi yana mahali pake, na polisi hawatanii. Lakini sehemu kubwa ya shabaha haihitaji baruti. Hakikisha chemba ni tupu, hakikisha tena, weka risasi bandia, lenga doa ukutani, toa pumzi nusu, vuta taratibu. Kama alama imeruka wakati wa mlio wa "tak", umejiona. Zile risasi chache za kweli zitunze kwa siku chache, na siku hiyo usizidishe. Bunduki kubwa ukiipiga mfululizo bega linakuvimba na unajifundisha kuogopa. Mwenye bahati ya kupata .22, bunduki ndogo isiyo na teke, aitumie hiyo kwa wingi.

Kuhusu mwendo wenyewe: si lami. Kukimbia barabara ya lami asubuhi na vile viatu vya rangi za pipi kunapendeza, hongera, lakini mbuga zetu zikikauka zinapasuka nyufa zinazomeza kifundo cha mguu, na kwenye miyombo iliyochomwa moto kuna visiki vifupi vyeusi usivyoviona. Tembea mahali pabaya. Tembea umebeba kitu. Piga goti na kuinuka, piga goti na kuinuka, ukiwa na uzito wa bunduki mikononi, kwa sababu ukiwa karibu na nyati utafanya hivyo zaidi ya utakavyokimbia. Mtu wa Tabora kuhitaji kufundishwa kutembea ni aibu kidogo. Babu zetu walibeba frasila mbili za pembe kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo kwa miguu, miezi mitatu hivi, na wengine walikuwa Wayege, wawindaji wa tembo, waliofika hadi Katanga, Kongo, na kuanzisha dola huko chini ya mtawala wao Msiri. Leo mjukuu wao anapanda bodaboda kwenda kununua vocha.

Chakula: kula kama kawaida, punguza bia. Mavazi: acha jezi yako ya bluu, mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, na mbung'o akikuuma shingoni sekunde unayovuta kifyatulio utanikumbuka. Viatu vianze kuvaliwa sasa, si Julai. Wiki ya mwisho pumzika, usijikomoe.

Na wenye kambi nao nina neno nao. Mgeni akifika, kila kambi ina desturi ya kumpeleka ajaribu bunduki yake. Meza ile ile, mfuko ule ule wa mchanga. Anapiga mbili tatu, anapigiwa makofi, kesho yake alfajiri gari linaondoka kutafuta nyati. Ongezeni jambo moja tu. Baada ya meza, atembee mwendo wa haraka hadi kichuguu cha mbali na kurudi, akute fimbo zimesimikwa, apige akiwa amesimama. Mtaniambia mgeni amelipa dola nyingi, hawezi kuendeshwa kama kuruta. Sawa, asiendeshwe, aombwe. Wengi watakubali, na wengine watafurahi. Akipiga vizuri, kesho ni nyati. Akikosa, siku za kwanza mpelekeni kwa kongoni na swala pala, azoee jua, azoee fimbo, nyati wataanza siku ya nne. Na wasoma nyayo waitwe waangalie wakati anapiga, maana wao ndio watakaotangulia.