Clare alipomwacha Priscilla hai: mwisho wa anime ya Claymore na lawama zake

Ukitaja anime (katuni ya Kijapani ya runinga) ya Claymore mbele ya mtu aliyesoma manga yake, yaani vitabu vya michoro ilikotoka, atakwambia kitu kile kile: mwishoni waliiharibu. Lawama hiyo ina msingi. Studio ya Madhouse ilirusha episodi 26 mwaka 2007, wakati Yagi Norihiro bado yuko katikati ya hadithi yake. Manga ilikuja kuisha 2014 ikiwa na juzuu 27. Watengenezaji wakaishiwa na kitu cha kufuata, wakajitungia mwisho. Hadithi inawahusu mashujaa wa kike waitwao Claymore, nusu binadamu nusu yoma, ambao Shirika huwatuma kuwaua yoma, mazimwi wanaokula watu. Katika mwisho huo Clare, mmoja wao, anamkuta Priscilla, shujaa wa zamani aliyegeuka zimwi, kaskazini, kwenye mlima wa volkano, anamzidi nguvu, upanga unabaki kushuka tu, halafu anamwacha hai. Anayemzuia ni Raki, yule kijana mpishi wake, anayemlilia asiue.

Mtazamaji ameusubiri upanga ule tangu alipomwona Teresa, mlezi wa Clare, akikatwa kichwa na Priscilla. Naelewa kabisa hasira ya aliyezima runinga akijiona amedhulumiwa. Lakini kila nikiurudia mwisho huu nauona unaifuata hadithi kwa uaminifu kuliko wanavyokubali wanaoulaumu, na ushahidi umo ndani ya episodi zenyewe.

Nianze na hoja yao nzito, maana si ya kupuuzwa. Teresa, namba 1 wa Shirika (namba hupangwa kwa nguvu, 1 ndiyo ya juu), alikufa kwa sababu ya huruma. Aliwaua majambazi waliovamia kijiji alikomwacha Clare akiwa mtoto, na kwa kufanya hivyo akavunja sheria inayowakataza mashujaa kumuua binadamu. Adhabu yake ni kifo. Wakatumwa wanne: Irene, Sophia, Noel, na Priscilla aliyekuwa bado mgeni kazini. Teresa akawashinda wote bila kumuua hata mmoja. Priscilla hakukubali kushindwa. Akamfuata, akapandisha nguvu za yoma zilizomo mwilini mwake kupita mpaka, na alipojiona anaanza kugeuka zimwi akamsihi Teresa amkate kichwa angali binadamu. Teresa akasogea ili amtimizie. Priscilla akamkata mikono, kisha kichwa. Clare alikuwa pale, anaona.

Sasa wanaolaumu wanauliza: inakuwaje mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake arudie kosa lile lile lililomuua mama yake wa kulea? Na wanaongeza kwamba Priscilla aliyegeuka anakula watu. Kumwacha aondoke ni kuvihukumu vijiji vingine vipate yaliyowapata waliokwisha kuliwa. Clare anaweza kusamehe deni lake. La wenzake hana mamlaka nalo.

Wapo pia wanaomtaja Elena, na hao ndio wanaoitazama kazi hii kwa makini. Elena alikuwa rafiki wa Clare tangu mafunzoni. Kila shujaa wa Claymore hubeba kadi nyeusi ndani ya mpini wa upanga wake. Akihisi anakaribia kugeuka, huituma kadi kwa yule anayetaka auawe naye. Ya Elena ilimfikia Clare, na Clare akaenda akamuua, kwa sababu kati ya wanawake hawa kuuawa na rafiki ukiwa bado binadamu ni heshima ya mwisho. Kwa kipimo hicho, wanasema, Priscilla naye aliomba kitu kile kile, na kumwacha hai ni kumnyima.

Hoja hii ya Elena ndiyo inayonipa kazi. Zile nyingine mbili, naona, zimesahau mkono.

Clare alipopambana na Ophelia, shujaa mwenzake, alikatwa mkono wa kulia. Shujaa wa aina yake hawezi kuuotesha upya. Aliyemwokoa ni Irene, yule yule aliyetumwa kumuua Teresa. Shirika lilimhesabu kuwa amekufa, naye alikuwa amejificha peke yake miaka yote hiyo, mkono mmoja umeshakatwa na Priscilla siku ile. Irene anamfundisha Clare upanga wake wa kasi, ule ambao jicho haliwezi kuufuata. Halafu anaukata mkono wake wa kulia, ule mmoja aliobaki nao, na kumpa.

Mtazamaji mwingi huiona sehemu hiyo kama njia ya kumwongezea mhusika mkuu nguvu, basi, anaendelea na safari. Mimi naomba tukae nayo. Siku Irene aliposhindwa, Teresa alikuwa na kila haki ya kumuua. Alikuwa mnyongaji wake, amekuja na upanga. Teresa akamwacha apumue. Kwa sababu hiyo tu, miaka baadaye kulikuwa na mtu wa kumfundisha Clare, na mkono wa kumpa. Ukiondoa huruma ya Teresa, Clare hafiki Pieta, mji wa kaskazini wa vita kubwa, hamshindi Rigaldo, zimwi aliyepambana naye huko, wala haupandi ule mlima wa volkano. Mkono unaoushika upanga juu ya kichwa cha Priscilla ni wa mwanamke aliyesamehewa pamoja na Priscilla, katika pambano lile lile.

Kwa hiyo anayesema huruma ya Teresa ilizaa kifo anasema kweli, ila amehesabu tunda moja. Huruma ile ilizaa Irene aliye hai. Kabla ya hapo ilizaa Clare mwenyewe, mtoto asiyesema neno, aliyekuwa akimfuata Teresa huku anafukuzwa kwa mateke, mpaka siku Teresa alipomkumbatia. Hadithi imeweka matokeo yote mawili kwenye mizani, na si haki kwetu kuusoma upande mmoja kisha tumwite Clare mjinga.

Kuna na Shirika lenyewe. Mashujaa wa Claymore huokotwa utotoni, wengi wao mayatima ambao wazazi wao waliliwa na yoma. Priscilla ni mmoja wao: yoma alijivika sura ya baba yake, akaila familia, na mtoto yule akamkata kichwa. Alifika Shirikani na chuki tayari mkononi, na Shirika likaichukua kama malighafi. Clare alifika vile vile, tena yeye alijitolea, akaomba atiwe nyama ya Teresa badala ya nyama ya yoma, ndiyo maana akapewa namba ya chini kabisa, 47. Waweke hawa wawili ubavuni kwa ubavu utaona wametoka kwenye mlango mmoja. Tofauti yao ni kwamba chuki ya Priscilla ilipata uwezo mkubwa mapema, ikamgeuza ndani ya siku moja.

Na Shirika halioni thamani yoyote kwao. Pieta walipelekwa 24 kulizuia jeshi la Isley, zimwi mkuu wa kaskazini, kati ya mashujaa 47 wa nchi nzima. Zaidi ya nusu. Namba 1 hadi 5 hawamo. Aliyepewa uongozi ni Miria, namba 6, na wengi wa waliopangwa ni wale waliokwisha kuonekana wakaidi. Walionusurika ni wachache mno, na waliowatuma hawakutarajia arudi hata mmoja. Hasira zao, viapo vyao, ndugu zao walioliwa, vyote vilitumika kuwafikisha kwenye theluji ile na kuwaacha huko. Ukiitazama Pieta kwa namna hiyo, unaona kwamba Clare hadi wakati huo hakuwahi kuuinua upanga isipokuwa pale ambapo Shirika lilinufaika au chuki yake ilimsukuma. Pale mlimani anaushusha upanga kwa uamuzi wake. Kwangu hilo ni tendo la kwanza la Clare lililo lake peke yake.

Na anaushusha akiwa ukingoni mwa kugeuka. Hili wanaolaumu hulitaja kwa haraka mno. Ili kumfikia Priscilla, Clare anaziachia nguvu za yoma kupita mpaka, kama Priscilla alivyofanya mbele ya Teresa. Anayemrudisha ni Jean, shujaa mwenzake ambaye Clare aliwahi kumwokoa asigeuke, na Jean anafia pale. Angeua katika hali ile, dunia ya Claymore ingempata Priscilla wa pili mwenye sura ya Clare. Hapo ndipo machozi ya Raki yanapopata uzito. Mashabiki humwona Raki mzigo, analia sana na upanga hauwezi. Lakini huyu ni mtoto aliyefukuzwa kijijini baada ya kaka yake kuonekana ni yoma, na tangu siku Clare alipomchukua kama mpishi, yeye ndiye aliyemtazama kama mtu wa kuishi naye. Wengine wote walimtazama kama upanga. Katika safari yake ya kaskazini ameishi na Priscilla pia, akamjua kama msichana aliyepoteza kumbukumbu na kumng'ang'ania yeye. Ni nani mwingine pale angeweza kuwaombea wote wawili kwa pamoja?

Hata manga, iliyofuata njia yake, haikumpa Clare kisasi cha mkono wake mwenyewe. Anayemmaliza Priscilla ni Teresa, anayerudi kupitia mwili wa Clare. Yagi alikuwa na miaka saba zaidi na juzuu nyingi za kulitayarisha jambo hilo. Anime ilikuwa na episodi chache tu.

Na haraka hiyo ndiyo kasoro ninayoikubali bila ubishi. Jean alistahili nafasi kubwa zaidi kabla ya kufa. Uzoefu wa Raki pamoja na Isley na Priscilla ulihitaji kuonyeshwa kwa kina, ili ombi lake lisionekane limetoka hewani. Na ile hoja ya Elena bado haijajibiwa. Anime inatuonyesha kwa ufasaha kwa nini Clare hapaswi kuua kwa chuki. Ila Priscilla aliwahi kupiga magoti akaomba afe angali binadamu, na mwisho ule unaishughulikia roho ya Clare bila yeyote kurudi kuuliza kama ombi lile bado lipo.