Mshipa wa Maabara Ufike na Goma

Kombora likimpasua mtu mguu, macho ya wengi hukimbilia kwenye mfupa. Lakini mara nyingi mguu hubaki au hukatwa kutokana na hali ya mshipa wa damu. Ateri kubwa, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, ikishakatika, nyama yote iliyo chini ya jeraha hukosa oksijeni, na baada ya saa sita hivi huwa inakufa. Desturi ya wapasuaji ni kuchukua veni, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, kwenye mguu usioumia na kuunganishia ateri iliyokatika. Aliyekanyaga bomu la kutegwa ardhini, miguu yote miwili ikachanika, veni hiyo ataitoa wapi? Mirija ya plastiki ipo, ila majeraha ya vita huingia udongo, vitambaa na vyuma, na plastiki ikishapata maambukizi mara nyingi hulazimu itolewe.

Ndiyo sababu, katika yote yanayoahidiwa na tiba ya kukuza tishu, kwangu mimi hakuna lililo kubwa kuliko mshipa uliokuzwa maabara. Daktari Laura Niklason wa Marekani na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba ateri za nguruwe zinaweza kukuzwa nje ya mwili. Baadaye alianzisha kampuni ya Humacyte, na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ikachangia fedha za utafiti. Seli za misuli ya mishipa ya watu waliofariki hupandwa kwenye wavu wenye umbo la mrija, zikalishwa kwa wiki kadhaa. Wavu huyeyuka taratibu huku seli zikijenga ukuta wa kolajeni, protini inayoupa mwili uimara. Kisha seli zenyewe huoshwa na kuondolewa zote. Kinachobaki ni mrija ambao kinga ya mwili haina sababu ya kuukataa, na seli za majeruhi mwenyewe huingia humo polepole na kuufanya wake. Mpasuaji anautoa kwenye jokofu na kuanza kushona, bila kumpasua mtu mguu wa pili.

Madaktari wa Ukraine waliutumia kuanzia 2022, kabla haujapata kibali, kwa msaada wa kibinadamu. Desemba 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikauidhinisha kwa jina la Symvess, kwa watu wazima ambao veni yao haifai. Idhini hiyo ina onyo zito: mshipa unaweza kupasuka au kuachia pale uliposhonwa, na kuvuja damu kwa namna hiyo kunaweza kuua. Waliofanyiwa majaribio pia ni wachache. Kwa mwenye veni nzuri, veni yake ibaki chaguo la kwanza. Nawatetea wale wasio na veni hiyo, ambao njia pekee iliyobaki ni kukatwa mguu kwa msumeno.

Na watu hao wako karibu nasi. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, hospitali ya Ndosho inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu ilifurika majeruhi kuliko vitanda vyake, wengi wao raia. Nikilisema hili huwa najibiwa kwamba Kongo si mahali pa teknolojia ya namna hiyo, umeme wenyewe wa kubahatisha. Jibu hilo linaniudhi. Kati ya 2018 na 2020, chanjo ya Ebola inayohifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 na zaidi chini ya sifuri ilifikishwa Beni na Butembo, miji ya mashariki hiyo hiyo ya Kongo, kwenye barabara zenye waasi, ikachomwa watu zaidi ya 300,000. Nayo ilianza kutumika kabla ya kupata kibali. Mshipa huu unahitaji jokofu la kawaida tu.

Kikwazo cha kweli ni bei. Ulipoingia sokoni, mmoja uliuzwa zaidi ya dola 29,000. Hapo hapo chanjo ya Ebola inatufundisha jambo: mwaka 2016 Gavi, shirika la kimataifa linalogharamia chanjo kwa nchi maskini, liliahidi dola milioni 5 kuinunua mapema, na sharti mojawapo lilikuwa mtengenezaji aweke akiba ya dozi kwa ajili ya dharura. Wafadhili wa upasuaji wa vita wafanye vivyo hivyo kwa mshipa huu, waanze na akiba ndogo Goma na Bukavu. Na wapasuaji wa huko, ambao wameshona majeraha ya risasi miaka nenda miaka rudi, waingizwe kwenye majaribio yajayo kama watafiti kamili, wenye sauti ya kuamua nani awekewe na nani asiwekewe.