Kituo ni cha Nani? Lugha Chafu Wodini na Suala la Umiliki

Kila baada ya miezi michache husambaa video ya mhudumu wa afya akimfokea mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, na kinachofuata tunakijua. Kiongozi anafika kituoni na waandishi, mtumishi anasimamishwa kazi papo hapo, mitandaoni watu wanapongeza, na Jumatatu wodi inaendelea na mtumishi mmoja pungufu. Waliobaki wamejifunza jambo moja: kumchunga mwenye simu.

Nyuma ya kelele hizo kuna ubishi wa kweli. Upande mmoja unasema uuguzi ni wito, na siku hizi vijana wengi wanaufuata kama ajira tu. Dawa yao ni maadili, kiapo, semina na adhabu. Mengi katika hoja hii ni lawama za wazee kwa vijana, lakini ina sehemu moja ambayo hakuna aliyeijibu vizuri. Wodi ni ileile, mshahara ni uleule, uhaba wa dawa ni uleule, lakini akiingia sista mmoja wagonjwa wanapumua, na akiingia mwenzake mtu anaogopa hata kuomba maji ya kunywa. Kama kila kitu ni mfumo, tofauti ya hawa wawili inatoka wapi?

Upande wa pili unakuonyesha mahesabu. Mwaka 2015/16, asilimia 63 ya watoto Tanzania walizaliwa kwenye vituo vya afya. Kufikia utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 walikuwa asilimia 81. Ni mafanikio makubwa. Wakunga, hata hivyo, bado hawatoshi. Nenda kituo cha afya cha kata saa nane usiku. Mkunga ni mmoja. Mama mmoja anasukuma, wa pili anatoka damu, wa tatu ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda, hana glavu wala nailoni ya kulalia. "Ulikuwa wapi miezi tisa yote, vifaa hukununua?" Mama anasikia tusi. Mkunga anajua kwamba glavu za stoo zimekwisha, maombi yalishapelekwa, na akipata maambukizi ni juu yake. Hasira inayomhusu mtu aliye ofisini mbali inamwangukia aliye karibu zaidi, naye ni mgonjwa.

Kesi ya Bungoma, Kenya, inaonyesha jinsi pande hizi zinavyoshikana. Mwaka 2013, muda mfupi baada ya serikali kufuta malipo ya kujifungua, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye korido ya hospitali ya umma kwa kukosa kitanda, kisha akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya na aombwe radhi, na lawama haikuishia kwa wauguzi. Ilifika kwa serikali ya kaunti na ya taifa kwa kutotenga rasilimali za kutosha. Kitanda kilikosekana kwa sababu ya bajeti. Kofi halikutoka kwenye bajeti.

Kwa hiyo nani ana haki? Ushahidi unaonishawishi zaidi umetoka Tanga, katika mradi wa Staha uliofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia. Watafiti waliwauliza wanawake kama walitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Walipoulizwa wakitoka hospitalini, kama asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, ikawa asilimia 28. Mwanamke aliyesimama getini na kichanga mkononi anajua atarudi hapohapo kwa chanjo, na anajibu kwa tahadhari. Sijui kwa nini bado tunaamini masanduku ya maoni.

Kisha wakajaribu kurekebisha. Hawakupandisha mishahara, wala hawakuishia kwenye mahubiri. Jamii na watumishi walikaa pamoja wakaandika mkataba wa huduma, halafu watumishi wa wodi ya wazazi wakachagua wenyewe waanzie wapi: mapazia ya faragha, kuwahoji akina mama wanaoruhusiwa, uongozi kuzungumza na mhudumu aliyekosea, hata chai kwa walio zamu. Ilipofika mwaka 2015, ukilinganisha na hospitali ambayo haikuwa na mpango huo, uwezekano wa mama kuripoti kutendewa vibaya ulikuwa umeshuka kwa asilimia 66. Mwenye kutilia shaka atasema hiyo ni hospitali moja, tena chini ya macho ya watafiti, na atakuwa hajakosea. Mimi ninachokiona ni kwamba watu walewale, katika uhaba uleule, walibadilika walipopewa kauli juu ya kazi yao, na huo ndio ninaouita umiliki.

Hofu ya adhabu nayo ina watetezi wake, na wana mfano mzuri. Novemba 2015 Rais Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa kushtukiza, akakuta mashine za MRI na CT, za kupiga picha za ndani ya mwili, hazifanyi kazi, akavunja bodi na kumwondoa kaimu mkurugenzi. Baada ya muda mfupi vipimo vikarudi. Hofu inafaa kwa vitu vinavyoonekana: mashine, usafi wa korido, mtumishi kuwahi kazini. Kwa visivyoonekana inazalisha maigizo. Chukua partografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, inayotakiwa kujazwa kadiri saa zinavyokwenda. Kila aliyesimamia wodi ya wazazi amewahi kukutana na ile iliyojazwa mtoto akishazaliwa: wino mmoja mwanzo hadi mwisho, njia inafunguka kwa mstari ulionyooka, mapigo ya moyo wa mtoto 140, 140, 142, 140. Makaratasi ya mkaguzi yametimia, na mama hakupimwa. Vikao vya kupitia vifo vya uzazi vina mwongozo unaokataza kutafuta wa kulaumiwa, lakini ni nani atasema ukweli wake kikaoni ikiwa wiki iliyopita mwenzake alisimamishwa mbele ya kamera?

Umiliki, basi, unajengwaje? Kwa fedha, kwanza. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kukaa halmashauri, na kamati ya kituo inapanga matumizi. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anayeweza kununua pazia bila kuandika barua tatu ni mtu tofauti na yule wa zamani. Ila hawezi kuajiri wala kumbakiza mkunga mzuri akihamishwa, na kamati nyingine zimejaa marafiki wa mtendaji.

Kuna hatari pia ambayo wapenzi wa neno umiliki hawaisemi. Yule muuguzi mkali anayefukuza ndugu wa wagonjwa kwa kauli ya "hapa wodini kwangu" hajakosa umiliki. Anao mpaka umezidi. Amemiliki chumba, funguo na saa za kutembelea. Kinachotakiwa ni amiliki kilichompata mgonjwa, na hilo haliji kama hajui kilichompata baada ya kutoka getini.

Ndiyo maana ningeanzia kliniki ya mtoto. Mama hurudi wiki ya sita kwa chanjo, ameshapumzika na ameshasimuliana na wenzake. Aulizwe na mtu asiye mwajiriwa wa kituo hicho, labda mhudumu wa afya ngazi ya jamii kutoka kijiji kingine, maswali manne au matano, bila jina. Gharama si kubwa. Ugumu uko kwenye njia ya majibu. Yakienda kwanza kwa mganga mkuu wa wilaya, ndani ya miezi michache akina mama watakuwa wanafundishwa cha kujibu. Yakienda kwanza wodini, wakunga wayasome wenyewe kwenye kikao chao cha asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote, wilaya italalamika kwamba inafichwa. Ningeivumilia hiyo lawama ya wilaya kwa mwaka mzima, kisha ndiyo niwafungulie daftari.