Wati Moja Tu, Usumbufu Mia

Boksi la spika ya honi, ile yenye mdomo unaopanuka kama tarumbeta, linasema eti "spika hii inatosheka na wati moja." Haya, wati moja imepatikana. Mbona hamkuandika na hayo mengine inayoyataka? Inataka chumba. Inataka zulia. Inataka amplifaya isiyokoroma. Inataka rekodi iliyosimamiwa na mtu mwenye masikio, na inataka watu wawili wenye migongo mizima wa kuipandisha ngazi. Hayo hayapo popote kwenye boksi, na boksi lenyewe ni kubwa, nafasi ya kuandika ilikuwepo.

Hesabu ndiyo inayomtia mtu mtegoni. Spika ya kawaida ya sebuleni, ukiipa wati 1 na kuipima umbali wa mita 1, inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 84 mpaka 89. Spika ya honi ya kusimama sakafuni inatoa 95, 98, na nyingine zinavuka 100. Mtu akitazama 86 na 98 anasema, tofauti ni 12 tu, kitu gani hicho? Kumbe kila desibeli 3 maana yake ni wati mara mbili. Hizo 12 ni mara 16! Kazi ambayo honi inaimaliza kwa wati 5, mwenzake anaitaka kwa 80. Ndiyo maana mwenye honi anachukua amplifaya ya vali, ile taa ya kioo ya kukuza sauti, moja ya aina ya 300B kila upande, wati 8 hivi tu kwa upande, na bado majirani wanamjua kwa jina.

Namba zenyewe usizimeze bila kutafuna. Wako watengenezaji wanaopima wakiwa ndani ya chumba, kuta zikiwasaidia, halafu wanaiandika namba hiyo kwa wino mzito kana kwamba kazi yote ni ya spika. Wako wengine wanaopima kwa volti 2.83. Kwenye spika yenye ukinzani wa omu 8 hiyo ni wati 1 sawasawa, lakini kwenye spika ya omu 4 ni wati 2, kwa hiyo desibeli 3 umepewa za bure na hukuambiwa. Na ukisoma "inafaa kwa amplifaya za omu 8", tafuta mchoro wa ukinzani. Spika nyingi za namna hii zinashuka chini ya omu 4 kwenye besi, na hapo amplifaya ndogo ya vali inaanza kutafuta pumzi.

Haya, tuseme namba ni za kweli na mzigo umefika. Unaiunganisha na amplifaya ile ile uliyoishi nayo miaka yote, pole, nyamavu, haijawahi kumkosea mtu. Unawasha. Hujacheza chochote. Sssssssssss.

Unazima, unawasha. Sssssssssss.

Usiilaumu spika. Kelele hiyo ilikuwepo siku zote, ila spika ya zamani ilikuwa na masikio mazito. Chukua amplifaya inayovujisha milivolti 1 ya kelele. Kwenye spika ya desibeli 86, ukiwa mita 1, inasikika kama desibeli 17, na chumba chochote kinaimeza hiyo. Kwenye spika ya 98 inakuwa 29, na chumba kikitulia usiku unaisikia ukiwa kwenye kochi. Sasa unakaa unasikiliza umeme, bure kabisa.

Kuna namna ya kumjua mhalifu. Shusha volyumu mpaka sifuri. Kama sssss imebaki vile vile, inatoka baada ya volyumu, mara nyingi kwenye hatua ya mwisho ya amplifaya, na hapo hakuna waya wa bei mbaya utakaokuokoa: ni kubadili amplifaya, kutafuta yenye ukuzaji mdogo na kelele kidogo. Kama inapanda ukipandisha volyumu, inatoka kabla yake, kwenye chanzo chenyewe au mwanzoni mwa pri-amplifaya, kile kifaa cha mbele chenye volyumu. Lakini kelele ya pri inayotoka baada ya volyumu ina dawa. Kwa amplifaya iliyotenganishwa na pri-amplifaya, chomeka vipunguzo vya desibeli 10 kwenye plagi za sauti za RCA katikati ya hizo mbili, upande wa amplifaya. Kelele hiyo inashuka kwa desibeli 10, nawe unapata nafasi ya kuzungusha volyumu.

Maana hiyo volyumu nayo ni kisa kingine. Chanzo cha siku hizi kinatoa volti 2. Amplifaya ya kawaida inakuza mara 20, yaani desibeli 26. Volyumu ikifunguliwa yote ni volti 40, ambazo kwenye omu 8 ni wati 200. Wewe umekaa mita 3, unataka muziki wa kiasi cha mazungumzo ya watu. Spika mbili za desibeli 98 zinahitaji milliwati 2 hivi. Kwa hiyo volyumu inatakiwa ikate desibeli 35 mpaka 50, kutegemea wimbo ulivyorekodiwa. Na huko chini ndiko potenshomita za bei rahisi zinakotibuka: upande wa kushoto unafunguka kabla ya kulia, mwimbaji anahamia dirishani, ukigusa kidogo anarudi katikati akiwa anapiga makelele. Kati ya kimya na kelele kuna upana wa unywele. Watu wanaagiza spika mpya wakidhani moja imekufa, kumbe ni kile kipande kidogo nyuma ya kizungushio. Vipunguzo vile vile vinasaidia, kwa sababu vinakusogeza juu, mahali ambapo pande mbili zinalingana.

Na mvumo? Mmmmmm wa chini, wa hezi 50 au 60 kulingana na umeme wa nchi, mara nyingi ni mzunguko wa ethi: vifaa viwili vimeshikana ardhini kwa njia mbili tofauti. Chomoa nyaya zote za kuingiza sauti kwenye amplifaya, ikiwa imezimwa. Washa. Kukiwa kimya, rudisha waya mmoja mmoja, ukizima kila mara, mpaka umpate. Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja. Kama ni waya wa antena ya televisheni, weka kitenganishi. Atakuja bingwa mmoja akuambie ukate pini ya ethi kwenye plagi. Mpe maji ya kunywa, mshukuru, mfungulie mlango. Pini hiyo ndiyo inayokuzuia wewe usiwe waya. Lakini kama unachosikia ni zzzzz yenye ukali, na nyaya za kuingiza sauti zote zimechomolewa, shuku kapasita za usambazaji umeme ndani ya amplifaya, zikizeeka zinakauka.

Hapo hatujafika hata kwenye muziki, na mkoba umeshaanza kulia.

Besi, basi. Mtu akisikia "spika ya honi" anadhani yote ni honi. Nyingi zinazouzwa, honi ni ya sauti za juu peke yake, labda na za katikati; chini kuna wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 8 au 10 kwenye sanduku lenye tundu la kupumua kama spika nyingine zote. Na siyo wizi, ni fizikia. Honi ya besi ya hezi 40 inabeba mawimbi ya urefu wa mita 8.6. Ili mdomo wake uyaachie vizuri hewani, ungehitaji mduara wenye kipenyo cha karibu mita 2.7. Mbili, maana ni stereo. Utalala wapi?

Paul Klipsch, mtengenezaji wa spika za honi, aliliona hilo, na kwenye spika yake ya Klipschorn, inayotengenezwa tangu 1946, akaikunja honi ya besi ndani ya sanduku na kuisukuma kwenye kona, kuta zikawa sehemu ya honi. Ukiwa konani mdomo unaweza kupungua mpaka moja ya nane ya eneo. Akili ya ajabu. Ila sasa lazima uwe na kona mbili safi, kwenye ukuta mmoja, hazina mlango, hazina dirisha refu. Nenda kaangalie chumba chako halafu urudi. Hofmann, yule wa herufi H kwenye jina la kampuni ya spika ya KLH, alishayafunga haya: besi ya chini, sanduku dogo, sauti kubwa kwa wati kidogo, chagua viwili, cha tatu usahau. Kwa hiyo anayekuahidi spika nyembamba ya desibeli 98 inayofika hezi 25, muulize ameiondoa wapi ile ya tatu. Ataanza kuzungumzia rangi ya mbao.

Kuziweka ndiyo kazi inayovunja ndoa. Zenye tundu nyuma zitoe ukutani sentimita 40 mpaka 60, kisha ongeza au punguza sentimita 5 kwa wakati mmoja. Besi ikivimba hadi maneno ya mwimbaji yanazama, zitoe zaidi. Ikikonda, zirudishe. Honi inamwaga sauti ndani ya pembe iliyopangwa, mara nyingi nyuzi 90 kwa upana, kwa hiyo ziangalie wapi ni jambo zito: zigeuze ndani mpaka mistari yake ikutane nyuma kidogo ya kichwa chako, sikiliza, kisha jaribu ikutane mbele yako. Ikikutana mbele, aliyekaa pembeni ya kochi naye anapata stereo ya kueleweka, kwa sababu spika iliyo mbali naye inamtazama vizuri zaidi na ile ya karibu inampa ubavu. Usikae chini ya mita 2.5 kwa zile kubwa. Ukizisogelea karibu zaidi ya hapo unasikia honi mahali pake na wufa mahali pake, kila mmoja na wimbo wake.

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mfupi wa trrring kati ya kuta, honi itausikia pia na itakurudishia kwenye kila sahani ya ngoma. Zulia zito kati yako na spika, rafu ya vitabu vya ukubwa tofauti ukutani, mapazia yenye mikunjo. Mapazia hayafanyi lolote kwa besi, usimsikilize muuza mapazia.

Sasa lawama kubwa ya siku zote: "honi zinaimbia puani." Nyingine ndiyo, zinaimbia puani, tusifichane. Lakini gonga honi kwa ukucha kwanza. Ikijibu "tok", nzuri. Ikijibu "tiiing", hiyo ni kuta zake nyembamba za chuma au plastiki zinaimba pamoja na muziki. Zima kila kitu, fungua wufa taratibu ukiishika isining'inie kwa nyaya zake, ingiza mkono, na ubandike mpira wa butili, ule wa kutuliza milango ya magari, kwenye mgongo wa honi. Mgongo tu. Ndani ya mdomo usibandike kitu hata ukiambiwa, umbo lile ndilo linalofanya kazi.

Halafu, kabla ya kulalamika kwamba zina ukali, sikiliza wimbo mwingine. Ule uliobanwa sauti zote juu kuanzia mwanzo mpaka mwisho utakuumiza masikio, na honi haitaufunika kwa adabu. Nusu ya muziki unaoupenda utagundua umerekodiwa vibaya. Huo ndio mshahara wa uwazi.

Mambo madogo yanayomfanya mtu amwite fundi bure: nyuma kuna skrubu nne na vibati viwili vya kuziunganisha. Kibati kimoja kikilegea, sauti za juu zinapotea zote au zinakuja na kuondoka. Kaza. Besi ikiwa imetoweka na mwimbaji hajulikani alipo, upande mmoja umegeuza nyekundu na nyeusi. Rekebisha nje hapo, lakini ukifungua ndani ukakuta draiva ya honi, kile kitoa sauti cha nyuma yake, imeunganishwa kinyume na wufa, iache! Krosova nyingi, zile saketi za kugawa sauti kati ya wufa na honi, zimepangwa hivyo makusudi, na aliyepanga alikuwa na kipimo, wewe una bisibisi.

Washa amplifaya mwisho, izime mwanzo. Ule mshindo wa "dhup" ambao spika nyingine zinaupokea kistaarabu, hapa unaruka kama mlango uliobamizwa. Na usidanganywe kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuua. Ikisukumwa mpaka mawimbi yakatwe vichwa, inamimina nguvu nyingi kwenye sauti za juu, na draiva ya honi, yenye kiwambo chembamba cha titani au alumini, ndiyo inayoungua. Kiwambo cha kubadilisha nunua chenye omu zile zile. Vya omu 8 na 16 vinafanana ukiviangalia na vinatibua krosova ukivikosea. Zile za zamani ulizopewa kwa bei ya kutupa, kama kapasita za krosova ni za elektroliti, zimeshakauka na sauti za juu zimefifia. Weka mpya zisizo na upande wa chanya na hasi, za mikrofaradi zile zile, na volti zisizopungua za mwanzo.

Na boksi, jamani, msitupe boksi. Honi inatokeza, sanduku ni zito, na povu lile lilikatwa kwa umbo lake. Ukisafirisha kwa blanketi, kona zinafika zimepondeka na muuzaji anakuambia dhamana haihusu usafiri. Kwa hiyo sasa kuna spika mbili sebuleni, na maboksi mawili makubwa kuliko spika kwenye stoo, na vitu vya stoo vimehamia barazani.