"Nakuombea" ya kuandika na ile ya kweli

Juzi kwa grupu ya WhatsApp ya familia kuna mtu alituma sauti, mwanawe kalazwa na hajala tokea juzi yake. Nikasikiza nusu, nikaandika "poleni sana tunamuombea", nikaweka vile vimikono viwili, nikarudi kuangalia mpira. Wallahi sikuomba. Usiku nimejilaza ndo nikajiona muongo, manake nimemwambia mtu namfanyia jambo na sijamfanyia, na si mara ya kwanza, zile "Amin" nilizoandika mwaka huu pekee naona zafika mia na zilizotoka moyoni labda tano.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwa hata na simu ya maana. Alikaa Majengo, Mombasa, na nikilala kwake nilikuwa naamshwa na sauti yake baada ya Alfajiri, yuko juu ya msala, miguu kainyoosha upande kwa sababu ya magoti, anataja majina. Si "ya Rabbi wasaidie waja wako" halafu basi, la, mmoja mmoja. Fulani mguu wake. Yule wa Kisauni apate kazi. Yule binti alopewa talaka na ana mimba. Mtu akisema tu leo navuka Likoni kwa feri basi keshaingia kwenye orodha, manake feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994 wakafa watu 272 bibi hakuisahau mpaka anaondoka duniani. Na wa mwisho kila siku ni kijana wa mkokoteni aliyekuwa akituletea maji, mitungi ya lita 20, jina hakulijua akawa asema "na yule wa maji, Mola wamjua wewe". Mie mtoto nikicheka chini ya shuka.

Baadaye sana ndo nikakutana na ile hadithi iliyo kwa kitabu cha Sahih Muslim, mtu aitwaye Safwan alikwenda Sham, yaani pande za Syria, akamkuta mama mkwe wake Umm Dardaa, mama akamuuliza wataka kwenda hija mwaka huu? Akasema ndio. Akamwambia basi tuombee heri, kisha akamueleza alivyosema Mtume (s.a.w), kwamba dua ya Muislamu kumuombea nduguye asiyekuwepo hujibiwa, na penye kichwa cha huyo anayeomba yupo malaika, kila akimuombea heri malaika husema Amin, nawe upate mfano wake. Angalia hapo, asiyekuwepo. Hakuna wa kukuona wala wa kukupa like.

Kuna wanaosema Mungu ajua kila kitu, kuna haja gani kumtajia majina? Mie naona jina lanisaidia mimi, si Yeye. Ukimtaja mtu kwa jina asubuhi yakuwa vigumu mchana kumsengenya barazani, na yakuwa aibu kutomtumia hata mia mbili ya dawa. Nimejaribu kwa jirani tuliyegombana naye juu ya maji ya tangi. Siku ya kwanza dua ilitoka kavu, kama kumeza kidonge bila maji. Wiki ya pili nikamuamkia. Hatujawa marafiki, na pikipiki yake bado yaziba mlango wangu, lakini zile hasira za kifuani zimeshuka. Rafiki yangu mmoja wa Mikindani, yeye Mkristo, nilipomhadithia akanambia mbona hata Ayubu, Mungu alimgeuzia hali yake pale alipowaombea wale rafiki zake, na hao rafiki ndio waliokuwa wamemchosha kwa kumlaumu.

Huyo mtoto aliyelazwa nilimuombea usiku ule ule, kwa kuchelewa. Asubuhi nikapiga simu badala ya kuandika, mamake akaongea dakika ishirini, kumbe alitaka tu mtu wa kumsikiza.

Bibi alipofariki, kwenye matanga alikuja yule wa maji, sasa mtu mzima, ana duka lake na watoto wawili. Akakaa kwa jamvi karibu na mlango, akanywa kahawa, akanambia yeye bibi hakumjua sana, alikuwa akimpa maji na kupokea pesa basi, lakini kasikia akaona aje kuzika. Nikataka nimwambie. Nikamuongeza kahawa.