Kompyuta Imejaa, na Mali Si Yangu

Kompyuta mpakato niliyoinunua kwa fedha zangu mwenyewe ilikuja na diski iliyoandikwa gigabaiti 320, na tangu ilipowashwa mara ya kwanza haijawahi kukiri kuwa na zaidi ya 298. Nimelieleza jambo hili katika vikao vya familia, misibani na hata kwenye foleni ya benki, na bado sijamwona mtu aliyekasirika kwa kiwango kinachostahili. Watengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, na katikati ya hesabu hizo mbili gigabaiti 22 hupotea kwa amani bila mtu yeyote kuandika maelezo polisi. Muuza mchele akijaribu kunipimia hivyo sokoni, Wakala wa Vipimo watamfuata na mawe yao. Muuza diski hukupimia hivyo hivyo na risiti akakupa.

Katika hizo 298 zilizosalia, Windows 10 yenyewe ilijitwalia zaidi ya 20 kabla mwenye mali hajaandika hata barua moja. Windows 95, ambayo baadhi yetu tulianzia kazi, iliweza kukaa katika megabaiti zisizofika 100, na sikumbuki kwamba barua zetu za enzi zile zilikuwa na makosa zaidi ya hizi za sasa. Leo mstari wa kuonyesha ujazo wa diski umegeuka mwekundu, jambo ambalo Windows hulifanya nafasi ikishuka chini ya asilimia kumi. Kwa kuwa mfumo huu huhitaji mahali pa kuandikia mambo yake ya muda unapofanya kazi, kila kitu kimekuwa kizito: masasisho yanakataa kuingia, barua inafunguka taratibu kana kwamba inaombewa kibali, na ile taa ndogo ya diski haizimiki tena.

Kila anayepita nyumbani kwangu akauona mstari huo hunishauri, kwa sauti ya kunihurumia, nifute vitu vyangu. Vitu vyangu ni vipi? Ni barua, mihtasari ya vikao vya mtaa, hesabu za michango ya harusi na misiba, wasifu wa vijana wote wa ukoo waliowahi kutafuta kazi, na barua za kukumbushia barua nyingine nilizoiandikia ofisi moja ambayo sitaitaja. Vyote hivyo kwa pamoja havifiki megabaiti 60. Video ya harusi ya shemeji yangu peke yake ina gigabaiti 9. Kwa hesabu ya kawaida, ili niipatie nafasi harusi ile moja, ningelazimika kufuta maandishi ya maisha yangu yote mara mia moja na hamsini.

Washauri wenyewe ni wa aina nyingi, ila hakuna hata mmoja anayeanza kwa kuuliza nakala iko wapi. Mpwa wangu, ambaye ukoo mzima ulikubaliana kwamba anajua kompyuta baada ya kutengeneza rimoti ya bibi yake, alitaka nimruhusu apige formati, yaani aifute diski yote ianze upya. "Mjomba, itakuwa mpya kabisa," aliniambia, huku mkono umeshafika kwenye kibodi. Nilimjibu kwamba hata wanaodaiwa na mimi wangekuwa watu wapya kabisa kama ningesahau majina yao, lakini sioni faida yangu katika upya huo.

Jirani yangu yeye aligundua folda inayoitwa WinSxS, akaona ina gigabaiti nyingi, akashindwa kutamka jina lake, na kwa sababu hiyo akahukumu kwamba haina kazi. Nilimweleza kwa upole kwamba humo ndimo Windows inamoweka vipande vyake vyenyewe pamoja na vile vya zamani inavyovihitaji masasisho yakiharibika, na kwamba sehemu kubwa ya ukubwa unaoonekana ni faili zile zile zinazoonekana mahali pawili na kuhesabiwa mara mbili. Anayeifuta kwa mkono anaweza kuamka na kompyuta isiyowaka. Anayetaka ipungue huiachia Windows ijipunguze yenyewe kwa programu yake ya usafi. Jirani alinisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akaniuliza kama System32, folda yenye moyo wa Windows, nayo ni ya lazima. Tangu hapo hafiki karibu na meza yangu bila kusindikizwa.

Kijana wa stesheneri ndiye aliyenitia hofu zaidi, kwa sababu yeye alikuja na programu ya bure. Programu ya bure ya kusafisha kompyuta ni kitu cha ajabu sana: kabla haijajua hata jina langu ilitangaza kwa maandishi mekundu kwamba nina makosa zaidi ya elfu moja katika rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, kisha ikadai malipo ili iyaondoe. Rejista hiyo hata ukiisafisha hadi ing'ae haitakurudishia nafasi ya kuweka nusu ya harusi, na ukiikosea inaweza kuondoka na programu unazozitegemea. Microsoft wenyewe hawaziungi mkono programu za aina hiyo. Niliiondoa palepale, nayo kabla ya kuondoka ikaniuliza kama nina hakika, kwa namna iliyonifanya nijisikie mkatili.

Mimi hufuata utaratibu wa kizee, nao huanza na nakala. Diski ya kompyuta kama yangu ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma juu yake, na vitu vinavyozunguka miaka mingi huchakaa, kwa hiyo siku ya kuihangaisha kwa kufuta na kuhamisha ndiyo siku ambayo inaweza kuamua kustaafu. Nilinunua diski ya nje, nikanakili kila kisichoweza kupatikana tena, kisha nikaipeleka kwenye kompyuta nyingine na kufungua faili moja moja, kwa maana kuliona jina la faili si ushahidi kwamba faili hiyo inafunguka. Mke wangu alinitazama nikifanya hivyo jioni nzima, akaniuliza, "Baba watoto, unasafisha au unaangalia picha?" Ni swali la haki.

Hapo ndipo nilipoifungua Disk Cleanup, programu ya usafi iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ambayo haidai malipo wala haimtishi mtu. Wengi huifungua, wakaona inawaahidi megabaiti chache, wakaifunga kwa dharau. Hawajui kwamba kuna kitufe cha pili, cha kusafisha faili za mfumo, na kwamba mzigo wenyewe uko huko: mabaki ya masasisho, ripoti za makosa ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma, na folda ya Windows.old, ambayo ni Windows nzima iliyopita, iliyohifadhiwa ili mtu akijutia mabadiliko aweze kurudi nyuma. Ukiifuta, njia ya kurudi imefungwa. Mimi sikuwa na pa kurudi, nikaifuta.

Hata hapo sikuweka alama kwenye visanduku vyote kwa furaha, kama anavyofanya mpwa wangu. Toleo la Windows 10 lililotoka mwishoni mwa mwaka 2018 liliiingiza folda ya Downloads katika orodha ya vitu vya kufagiwa, na baadaye Microsoft wakaiondoa humo, lakini kompyuta za zamani ambazo hazijasasishwa bado zinayo. Walioipanga orodha hiyo waliamini kwamba Downloads ni mahali pa kupitia tu. Hawajafika kwangu. Katika nyumba hii Downloads ndiyo makazi ya kudumu ya vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, fomu za mkopo wa chuo, tiketi za basi za mwaka juzi na mkataba wa kiwanja, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuhamisha kitu kutoka pale kilipoangukia.

Pipa la taka nalo lina wakazi wake. Nilipotaka kulimwaga, binti yangu wa mwisho alikuja mbio kutoka jikoni. "Baba, tafadhali usiguse! Kazi zangu za chuo ziko humo." Nilimwuliza ni kwa nini mtu mwenye akili zake anatunza kazi za chuo katika pipa la taka, akanijibu kwamba ndipo mahali pekee ambapo kaka yake hachungulii. Nilimweleza kwamba vilivyomo kwenye pipa bado viko kwenye diski na vinachukua nafasi ile ile, na kwamba Windows ina mpangilio unaoweza kuwashwa ukawa unalimwaga pipa wenyewe, kwa kawaida vitu vikishakaa siku 30. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mpangilio huo umewashwa. Ni mara ya kwanza kumwona akinakili kazi zake kwa kasi ile. Nilimwongezea kwamba kinachofutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida hakipiti pipani hata kidogo bali huondoka moja kwa moja, habari ambayo aliipokea kwa huzuni ya mtu aliyeijua kwa kuchelewa.

Kaka yake alikuwa ameapa kwamba michezo yake yote ameshaiondoa. Alichokiondoa ni picha ndogo za kubofya zilizokuwa mbele ya kioo. Michezo yenyewe ilikuwa imelala palepale, gigabaiti 30 na ushee, kwa sababu kufuta njia ya mkato hakuigusi programu. Ni lazima uingie kwenye orodha ya programu katika mipangilio na kuisanidua rasmi. Tulifanya hivyo pamoja, yeye akiwa na uso wa mfiwa.

Faili inayoitwa hiberfil.sys nayo nilijadiliana nayo. Humo ndimo kompyuta inamoandika yaliyomo kwenye RAM, kumbukumbu yake ya muda, inapolala usingizi mzito, na ukubwa wake katika Windows 10 kwa kawaida ni asilimia 40 ya RAM, yaani gigabaiti moja na nusu hivi kwa mtu wa RAM ya 4 kama mimi. Haifutwi kwa mkono. Unafungua dirisha la amri kama msimamizi, unaandika powercfg /h off, nayo inaondoka, ingawa kuanzia hapo kompyuta huchelewa zaidi kuwaka. Faida kubwa ya usingizi huo ni kuokoa kazi yako betri inapokaribia kwisha. Betri yangu hufa sekunde ile ile umeme unapokatika, kwa hiyo hakuna usingizi wowote unaowahi kutokea hapa, ni kuzimia tu. Nikaiondoa.

Baada ya yote hayo ilibaki mizigo ya ukoo. WinDirStat ni programu inayoichora diski kwa masanduku ya rangi, kila sanduku na ukubwa wa faili yake, na katika mchoro wangu harusi ya shemeji ilikuwa na masanduku manne yanayofanana: "Harusi", "Harusi mpya", "Harusi ya mwisho" na "Harusi ya mwisho kabisa". Mpwa wangu, ili kunisaidia, alikuwa ameikandamiza mojawapo iwe faili ya zip, bila kufahamu kwamba video za MP4 huwa tayari zimekandamizwa na zip haizipunguzii karibu chochote, kisha akaacha zote mbili, kwa hiyo msaada wake ulinigharimu gigabaiti 9 nyingine.

Nilimpigia shemeji simu. Nilimkumbusha kwa heshima zote kwamba yeye na bibi harusi wameachana, kwamba talaka imeshatoka, na kwamba labda umefika wakati wa kuiaga video. Alisema haiwezekani, kwa sababu mama yake anaonekana ndani yake akicheza, na hakuna video nyingine ya mama akicheza. Dada mtu akadai kwamba humo ndimo zilimo zawadi, na kuna watu wanaokana hadi leo kwamba hawakutoa walichoahidi. Bibi harusi mwenyewe, alipopatikana, alisema ifutwe upesi, lakini abakiziwe sehemu ya gauni.

Tulikubaliana ibaki nakala moja kwenye diski ya nje, na hapo nikafanya kosa la kuwa mkweli. Niliwaeleza kwamba kitu kilichohamishiwa kwenye diski ya nje na kufutwa kwenye kompyuta hakina nakala, kimebadilisha makazi tu, na kwamba kinachothaminiwa hukaa mahali pawili, pengine nyumba mbili. Wingu la Google lina gigabaiti 15 za bure, lakini kupandisha harusi nzima kwa kifurushi changu cha intaneti ni gharama inayokaribia ya ndoa. Kwa hiyo inahitajika diski ya pili, na kila mmoja alikubali kwamba inahitajika, na kila mmoja akamtazama mwenzake.

Iliyokuwa kamati ya harusi imefufuliwa ili kuchangisha fedha za kuinunua. Mwenyekiti ni yule yule, mimi nimerudishiwa uweka hazina bila kupingwa, na kadi za mchango zinaandaliwa. Katibu amesema mikono inamuuma, kwa hiyo muhtasari wa kikao cha kwanza hakuuandika bali aliurekodi kwa video, saa mbili na nusu, na ameniletea kwenye flashi niutunze katika kompyuta.