Chake Chake na Makkah ziko mstari mmoja

Usiku wa kuamkia siku ya thelathini ya Ramadhani, Unguja na Pemba nzima roho juu. Mafundi cherehani wa Darajani hawajui kama kanzu za watoto zinatakiwa kesho au keshokutwa, wenye jamaa Pemba hawajui wakate tiketi ya boti ya lini, na redio iko wazi ikisubiriwa kauli ya Mufti. Kauli ikitoka, wako watakaoiona imechelewa, maana wao wameshakula Sikukuu kwa mwezi wa Makkah.

Ugomvi huu hupewa sura ya macho kupambana na hesabu. Sidhani kama ndivyo ulivyo, lakini tuanze hapo hapo.

Wanaotetea hesabu wana hoja nzito. Kutoka makutano ya jua na mwezi (yaani mwezi unapopita kati ya jua na dunia) hadi makutano mengine hupita wastani wa siku 29.53, na baada ya hapo mwezi huliacha jua kwa nyuzi kama 12 kila siku. Hakuna la kubahatisha. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na kule Rujewa, Mbeya, watu waliliona limebaki pete. Saa na mahali vilijulikana miaka mingi kabla. Jua halipatwi ila kwenye makutano, na siku ile makutano yalikuwa saa sita mchana kwa saa zetu. Jua lilipotua, mwezi ulikuwa na umri wa saa sita tu tangu makutano. Lau angetokea mtu jioni ile akaapa kauona mwandamo, angekuwa amekosea, hata awe mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Anayeamini hesabu ya kupatwa kwa jua na kuikataa inapofika Shaabani ana kazi ya kueleza tofauti, kwa sababu hesabu ni ile ile. Tangu Armstrong na Aldrin waache kioo cha kurudisha miale kule mwezini mwaka 1969, umbali wake unapimwa hadi sentimita, na tunajua unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

(Wapo wanaoleta hoja ya bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana: kwamba wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanaujua mwezi bila kungoja redio. Kweli wanaujua, ila bamvua huja siku moja mbili baada ya mwezi mpya, kwa hiyo haimwambii mtu kama jana uliandama.)

Sasa upande wa macho. Hesabu inajua mwezi uko wapi. Kama jicho litauona ni habari nyingine. Mwanaastronomia Mfaransa André Danjon aligundua katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ulio chini ya nyuzi kama 7 kutoka kwenye jua hauonekani kabisa. Juu ya hapo unaingia kwenye eneo la huenda. Mmarekani Stephen O'Meara aliuona kwa macho matupu mwaka 1990 ukiwa na saa 15 na dakika 32, na hilo likahesabiwa ajabu. Mwezi wa saa 20 unaweza kuonekana Mangapwani na usionekane Nungwi kwa wingu moja tu, na Ramadhani ikiangukia masika ndiyo basi. Sheria yenyewe imelizingatia hilo: mkizibiwa na mawingu, timizeni thelathini. Ni kanuni ambayo mvuvi wa Makangale anaweza kuifuata bila kumtegemea mtaalamu wa nchi nyingine, na hiyo si faida ndogo.

Vyombo navyo havikati shauri. Tarehe 8 Julai 2013, mpiga picha wa anga Thierry Legault, akiwa Ufaransa, aliupiga picha mwezi katika dakika yenyewe ya makutano, mchana, kwa mwanga usioonekana kwa jicho. Mwezi ambao kamera inaweza kuunasa kabla haujaandama, tuseme umeonekana? Anayetaka darubini iruhusiwe lazima aseme mpaka wake uko wapi.

Hapa ndipo ramani inaposhangaza. Chake Chake iko takriban nyuzi 39.8 mashariki, na Makkah vivyo hivyo. Ziko karibu kilomita 3,000 mbali, lakini juu ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Mwezi Machi jua linatua kote kuwili karibu pamoja. Juni Makkah huchelewa kuliko sisi kwa kama robo tatu ya saa, na Disemba sisi ndio tunaochelewa, hivyo mwandamo wetu wa Disemba huwa na umri mkubwa kidogo kuliko wa kwao. Isitoshe, karibu na ikweta mwezi hushuka wima baada ya jua, umelala chali kama ngalawa, na nafasi ya kuuona huwa nzuri. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba Makkah wametutangulia kwa sababu ya masafa haina nguvu. Wakiuona wao na sisi tusiuone, mara nyingi sababu ni mawingu, au ushahidi uliopokelewa bila kupimwa. Wanaastronomia wameshalalamika mara kadhaa kwamba ushahidi umekubaliwa Saudia jioni ambayo mwezi haungeweza kuonekana.

Je, mstari huo unawapa haki wanaofuata Makkah? Ningesema ndiyo, isingekuwa kisa cha Kuraib kilichomo katika hadithi. Alitoka Sham, nchi ya Damascus, ambako mwezi ulionekana usiku wa kuamkia Ijumaa, akafika Madina, ambako waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume aliyekuwa Madina, akakataa kuufuata mwezi wa Sham. Na Damascus na Madina zimepishana nyuzi 3 na kitu tu za mashariki. Basi hata pale suala halikuwa jiografia. Lilikuwa ni nani mwenye kauli juu ya watu wa mji.

Ndiyo maana naona njia ya mwanachuoni Taqiyuddin al-Subki, Mshafii kama wengi wetu, aliyefariki mwaka 1355, ndiyo inayotufaa: hesabu isiuthibitishe mwezi, ila iwe na uwezo wa kuukataa ushahidi usiowezekana. Jicho linabaki na haki yake, na anayeona kisichokuwepo anarudishwa kwa upole. Kwa vitendo, tangazo la usiku ule lingetaja saa ya makutano, umri wa mwezi wakati wa machweo, na shahidi kauonea wapi. Dakika moja ya redio inatosha.

Hilo halitawarudisha waliokwisha kuamua kufuata Makkah, maana wao hawabishani na anga. Fundi wa Darajani naye bado atangoja hadi usiku. Lakini atakuwa amejua mapema zipo jioni ambazo hakuna haja ya kungoja.